Manowari za Seyyid Barghash: jibu kwa msomaji anayejenga jeshi la majini la Unguja

Msomaji mmoja ameniandikia kuhusu mchezo wa historia mbadala anaoucheza na wenzake tisa. Yeye ameshika utawala wa Seyyid Barghash bin Said wa Unguja. Mchezo unaanza mwishoni mwa 1870, kila zamu ni miezi sita, na mwamuzi amemkadiria mapato ya forodha ya riale 300,000 kwa mwaka. Anataka kununua manowari mbili za deraya, yaani zilizofunikwa kwa mabamba ya chuma, kutoka Uingereza kabla ya 1880, kwa mkopo wa wafanyabiashara wa Bombay, ili kikosi cha Wajerumani kitakapotia nanga mbele ya kasri mwezi Agosti 1885 kikute bandari isiyotishika. Anauliza aagize manowari za aina gani, na ununuzi huo aupange vipi katika zamu zake.

Ndugu yangu, jibu langu ni kwamba usiagize hata moja ya deraya. Sisemi hivyo kukukatisha tamaa, kwa sababu Unguja ya Barghash ni miongoni mwa nchi zinazonivutia kuliko zote katika michezo ya aina hii, na naamini inaweza kufika 1890 ikiwa na hali bora kuliko iliyokuwa nayo kweli. Nimekuwa mwamuzi wa michezo hii kwa miaka mingi, na nimewaona wachezaji hodari wakiifilisi nchi ndogo kwa kosa moja tu, nalo ni kuhesabu bei ya kununua meli na kusahau bei ya kukaa nayo.

Tuanze na hesabu, kwani ndiyo itakayoamua mengine yote. Katikati ya miaka ya 1860 forodha ya Unguja ilikodishwa kwa takriban riale 310,000 kwa mwaka, kwa hiyo kadirio la mwamuzi wako ni la haki. Paundi moja ya Uingereza ilikuwa sawa na riale 4.75 hivi. Manowari ndogo ya deraya inayofanana na Huáscar, ambayo Peru iliundiwa na kampuni ya Laird huko Birkenhead mwaka 1865, iligharimu takriban paundi 80,000, yaani riale 380,000. Mbili ni riale 760,000. Hayo ni mapato yote ya forodha kwa miaka miwili na nusu, kabla hujanunua kombora moja, kabla hujamlipa baharia mmoja, na kabla hujampa mtumishi wa kasri hata kibaba cha mchele. Ongeza riba ya Bombay, na utakuwa umeweka forodha rehani kwa sababu huna kitu kingine ambacho mkopeshaji angekikubali.

Hapo kuna jambo ambalo huenda mwamuzi wako hajaliweka wazi, nawe ni lazima umwulize kabla ya zamu ya kwanza. Forodha ya Unguja haikukusanywa na watumishi wa Sultani. Ilikodishwa. Kwa miaka mingi mkodishaji alikuwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, na kuanzia 1876 akawa Taria Topan. Mkodishaji alimpa Sultani kiasi kilichokubaliwa, na kilichozidi kikawa chake. Maana yake katika mchezo ni nzito. Ukituma chombo cha doria kikazuia magendo ya pembe za ndovu huko Kilwa, faida ya mwanzo haiingii katika hazina yako bali katika mfuko wa mkodishaji, mpaka mkataba utakapofika mwisho ukadai bei mpya. Zaidi ya hapo, nyumba hiyo ilikuwa inamdai Sultani madeni makubwa yaliyorithiwa kutoka enzi ya Seyyid Majid. Kwa hiyo jeshi lako la majini linaanzia kwenye meza ya mkodishaji wa forodha. Mkataba mpya uwe mfupi, uwe na kifungu cha kugawana ziada, na umruhusu karani wako akae forodhani aandike kila kinachoingia na kutoka. Mchezaji aliyefanya hivyo kwanza, kisha akanunua meli, ndiye pekee niliyemwona akifika 1885 bila deni.

Baada ya hapo jiwekee kiwango. Mimi hutumia kanuni yangu mwenyewe kwa nchi ndogo: sehemu moja ya tano ya mapato kwa majini, na katika hiyo theluthi moja ya kununulia na theluthi mbili za kuendeshea. Kwako wewe hiyo ni riale 60,000 kwa mwaka, ambapo 20,000 zinawekwa akiba ya kununulia vyombo na 40,000 zinalipa mishahara, makaa, kamba, rangi, baruti na matengenezo. Kwa miaka kumi utakuwa na riale 200,000 za kununulia, zaidi kidogo ya paundi 42,000. Si nyingi, lakini ni fedha ambazo hakuna anayekudai.

Linganisha na alichofanya Barghash mwenyewe. Manowari ya Kiingereza iitwayo Glasgow ilipozuru Unguja mwaka 1873 ilimpendeza, akaagiza yake ya mfano huohuo kwa William Denny na Nduguze wa Dumbarton, nayo ikashushwa majini mwaka 1878 ikiwa na mizinga saba midogo ya ratili 9 na bunduki ya Gatling. Bei yake ilikuwa paundi 32,735, yaani karibu riale 155,000, nusu ya forodha ya mwaka mzima. Ilipofika haikumridhisha, ikatia nanga bandarini ikabaki hapo karibu miaka yake yote. Tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vya Unguja na Uingereza vilivyodumu takriban dakika arobaini, iliipiga manowari ya Kiingereza St George risasi, ikajibiwa, ikazama palepale ilipokuwa imetia nanga, na milingoti yake ilionekana juu ya maji mpaka ilipoondolewa mwaka 1912. Naisikitikia sana meli ile kila ninaposoma habari zake, kwa sababu waliokuwa ndani yake walikuwa watu jasiri waliopewa chombo cha fahari badala ya chombo cha kazi.

Sasa tuulize kazi yenyewe ni ipi. Katika barua yako adui ni mmoja, Mjerumani wa 1885. Mimi nakuomba umtazame adui wa 1875 kwanza, maana mwaka ule Unguja ilivunjika heshima mara mbili. Mwezi Januari akida wa Mombasa, Muhammad bin Abdallah, aliasi akajifungia katika Ngome ya Yesu, na Sultani hakuwa na chombo cha kumtoa. Ngome ilipigwa mizinga na manowari mbili za Kiingereza, Rifleman na Nassau. Baadaye mwaka huohuo meli za Misri zilizoongozwa na McKillop Pasha ziliteremsha askari Barawa na Kismayu, na waliondoka mwanzoni mwa 1876 kwa sababu London ilimshinikiza Khedive, mtawala wa Misri. Katika mambo yote mawili Barghash aliokolewa, na kila alipookolewa alizidi kuwa mdeni wa aliyemwokoa. Chombo kimoja chenye mzinga mmoja mzuri na askari mia mbili, kikifika Mombasa wiki ya kwanza ya uasi, kingetosha. Kwa Barawa, kituo chenye bendera, karani na meli inayopita kila mwezi kingewafanya Wamisri wafikiri mara mbili kabla ya kuita mahali pale pasipo na mwenyewe.

Hii ndiyo hoja yangu kuu. Jeshi la majini la Unguja haliwezi kuwa la kupigana na taifa kubwa. Linaweza kuwa la kuonekana, mwezi baada ya mwezi, katika kila bandari unayodai kuwa yako, kutoka Tungi karibu na Rasi Delgado hadi Mogadishu. Pwani hiyo ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,500. Meli ya mwendo wa noti 8, kama kilomita 15 kwa saa, inahitaji zaidi ya siku nne mchana na usiku kuipitia bila kusimama popote. Jahazi la tanga linakwenda kwa rehema ya kaskazi na kusi, kwa hiyo kwa miezi mingi liwali wa Lamu au Kismayu anakaa bila habari ya haraka kutoka Unguja. Mvuke ndio unaokutoa katika utumwa wa msimu. Ndiyo faida yake kubwa kwako, kuliko mzinga wowote.

Kwa vyombo vyenyewe sitakaa sana, kwani ndiyo sehemu rahisi. Nunua kwanza meli moja ya mizigo ya mvuke iliyokwisha kutumika, yenye boila zilizokaguliwa na mtu wako mwenyewe wala si wa muuzaji, uifunge mizinga miwili, uitumie kubeba askari, mishahara, barua na mchele. Barghash kweli alinunua meli za mvuke za biashara zilizokwenda mpaka Bombay, na naona hilo lilikuwa wazo lake bora zaidi baharini. Halikuwa jipya pia: Sultana ya baba yake, Seyyid Said, iliyofika New York mwaka 1840 chini ya Ahmad bin Na'aman, ilikuwa meli ya Sultani iliyobeba bidhaa. Meli inayojilipia nusu ya gharama zake kwa nauli ni meli ambayo haitaozea bandarini. Baadaye, kati ya 1876 na 1880, agiza manowari ndogo mbili za mbao juu ya mbavu za chuma, zisizozama sana majini ili ziweze kuingia katika mikono ya Rufiji na mkondo wa Lamu, kila moja na mzinga mmoja mkubwa wa kutosha kuvunja ukuta wa ngome na mingine midogo. Usivutiwe na zile zilizoundwa na Armstrong kwa ajili ya China miaka ileile, zenye mzinga mkubwa mno juu ya kiwiliwili kidogo. Zilifaa mitoni na bandarini, lakini ubavu wake mfupi usingehimili bahari ya kusi kati ya Mafia na Kilwa.

Watu ni suala gumu zaidi, nami nataka ulitengee zamu nyingi kuliko meli. Unguja ilikuwa na mabaharia wa kila namna. Wabajuni, Wangazija, Wahadimu na watu wa Sur ya Oman walijua miamba, mikondo na bamvua kuliko ramani yoyote ya wakati ule. Manowari za Kiingereza zenyewe ziliajiri watu wa Unguja kuchochea moto na kupiga makasia. Kwa hiyo nahodha msaidizi, rubani, serahangi na wachochea moto unao tayari, na usikubali mwamuzi akukate alama kwa kisingizio cha kukosa mila ya bahari. Ulichokosa ni watu wa aina mbili tu: fundi wa mitambo na mpiga mzinga. Fundi wa mitambo ataajiriwa kutoka Scotland au Bombay kwa mshahara mkubwa, na katika mkataba wake andika kwamba nusu ya malipo inategemea vijana wanne aliowafunza kila miaka miwili na wakapita mtihani mbele ya fundi mwingine. Usipoandika hivyo, hatamfunza mtu, kwa sababu hakuna anayependa kujitengenezea mrithi.

Kuhusu wapiga mizinga, fikiria Siam, yaani Thailand ya leo. Mwezi Julai 1893 nchi ile ilikuwa na ngome mpya mlangoni mwa mto Chao Phraya yenye mizinga ya Armstrong ya inchi 6, ilikuwa na mabomu yaliyotegwa majini, ilikuwa na maofisa wa Denmark wenye ujuzi. Manowari mbili ndogo za Ufaransa, Inconstant na Comète, zilipita jioni ya tarehe 13 zikapigwa, zikajibu, zikapanda mto mpaka Bangkok. Vifaa vilikuwa vizuri. Waliovishika hawakuwa wamefyatua vya kutosha, wengi wao hawakuelewana hata lugha na maofisa wao, na mabomu hayakuzuia kitu. Katika hesabu yako, kila mzinga utengewe makombora ya mazoezi ya kila mwezi, na ukiona fedha hazitoshi, punguza mizinga, usipunguze mazoezi. Mizinga minne inayolenga ni bora kuliko kumi na minne inayong'aa.

Mfano mwingine unaofanana nawe kwa karibu ni Hawaii. Mwaka 1887 Mfalme Kalākaua alinunua meli ya biashara kwa dola 20,000, akaiita Kaimiloa, akaitia mizinga, akaipeleka Samoa kusimamia ndoto yake ya muungano wa visiwa. Sehemu ya mabaharia wake walikuwa wavulana waliotolewa katika shule ya kurekebisha tabia. Nidhamu iliharibika, manowari ya Kijerumani Adler ikaifuata kila ilikokwenda, na iliporudi nyumbani ikauzwa. Kosa la Kalākaua halikuwa kununua meli ndogo. Alinunua meli na safari kwa wakati mmoja, pasipo mwaka hata mmoja wa kuandaa watu katikati.

Kuna jambo jingine kuhusu watu ambalo sikubali mchezo wowote ulifiche. Uchumi wa karafuu ulisimama juu ya migongo ya watumwa, na katika mji wa Unguja mtumwa aliyekwenda kufanya kibarua alitakiwa kumpa bwana wake sehemu ya ujira. Ukiajiri wachochea moto kwa utaratibu uleule, utakuwa unalipa mabwana, na walio ndani ya meli watatoroka bandari ya kwanza, tena watakuwa na haki. Toa amri kwamba kila aliyeandikwa katika meli ya Sultani ni huru tangu siku ya kuandikwa, na mshahara wake unahesabiwa mkononi mwake. Wenye mashamba watakasirika, na mwamuzi akupunguzie utulivu wa ndani kwa kiasi fulani, lakini utapata mabaharia wanaobaki. Tena mkataba wa Juni 1873 ulimlazimisha Barghash kufunga soko la watumwa na kuzuia usafirishaji wao baharini, na kazi ya kuuangalia ikafanywa na Waingereza, ambao waliiweka meli yao kubwa, London, bandarini mwako kwa karibu muongo mmoja. Doria ya Sultani mwenyewe ikiifanya kazi hiyo kwa dhati, balozi wa Uingereza anapoteza sababu yake bora ya kuwa na manowari ya kudumu chini ya dirisha lako. Hilo ni jambo la haki, na pia ni la faida kwa dola yako. Si mara nyingi mambo hayo mawili huelekea upande mmoja.

Makaa ya mawe. Injini ya nguvu farasi 400 ya miaka ya 1870, ikila kilo moja hivi kwa kila nguvu farasi kwa saa, inamaliza karibu tani 10 kwa siku. Manowari mbili na meli moja ya mizigo zikitembea siku mia moja kila moja kwa mwaka, unahitaji tani 3,000 hivi, na makaa hayo yanatoka Wales kupitia Suez na Aden, au Bombay. Usiyaweke yote Unguja. Gawanya: sehemu kubwa Unguja, sehemu Mombasa, sehemu Lamu, na akiba ndogo Kilwa. Mikoko ya Rufiji inaweza kuchomwa wakati wa dhiki, ila joto lake ni karibu nusu tu ya makaa na boila zitasafishwa mara nyingi zaidi. Mchezaji asiyekuwa na makaa yake mwenyewe anakuwa na meli zinazotembea kwa idhini ya mwenye ghala.

Suala la kugawanya linanirudisha kwenye tufani ya tarehe 15 Aprili 1872. Najua kwamba unajua itakuja, na wachezaji wengi huhamisha vyombo vyao siku moja kabla. Mimi siruhusu hilo mezani kwangu, kwani Barghash hakuwa na njia ya kujua. Visiwa vile havikuwa na kumbukumbu ya dhoruba ya namna hiyo. Iliangamiza meli za Sultani bandarini pamoja na sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, huku Pemba ikisalimika. Lakini utaratibu wa kutoweka vyombo vyote pamoja unaweza kuamriwa mwaka 1871 kwa sababu za kawaida kabisa, na bandari ya Mombasa, iliyojificha ndani ya mkono wa bahari, ni kimbilio bora kuliko gati la Unguja lililo wazi upande wa magharibi. Baada ya tufani tarajia mapato ya karafuu yashuke kwa miaka kadhaa, maana mkarafuu mchanga huchukua muda mrefu kuzaa. Ndiyo sababu nimesema usiagize manowari mpya kabla ya 1876.

Umetaja pia topido, bomu la kuzamishia meli, ukiuliza kama silaha ya mnyonge inaweza kubadilisha mizani. Swali hili ni zuri. Norway, nchi ndogo, ilinunua mashua ya topido iitwayo Rap kutoka kwa Thornycroft mwaka 1873, miongoni mwa za mwanzo kabisa za aina yake, na mwaka 1877 mashua za Kirusi zilizamisha manowari ya Kituruki Seyfi katika mto Danube kwa baruti iliyofungwa kwenye ncha ya boriti ndefu. Mashua mbili za namna hiyo zipo ndani ya uwezo wako, nazo zikijificha usiku nyuma ya Chapwani, Changuu au Bawe zingemsumbua komodori yeyote aliyetia nanga karibu. Ninakubali uzinunue. Sikubali uzitumie katika saa ya kwanza ya mgogoro. Ukizamisha manowari moja ya Ujerumani mwaka 1885, Bismarck, Chansela wa Ujerumani, hatakuwa tena na suala la koloni ambalo yeye mwenyewe alilishika kwa shingo upande. Atakuwa na suala la heshima ya dola, na mji wa mawe hauna ngome ya kulistahimili jibu lake. Mashua zile zina thamani zikiwa hazijafyatua, wakati mpinzani anapolazimika kutia nanga mbali zaidi, kukesha, na kuzungumza badala ya kuamuru.

Hebu sasa tuipeleke mipango hii mpaka Agosti 1885. Kwa kweli ilivyokuwa, Carl Peters, Mjerumani aliyekuwa akitafuta koloni, alifika Unguja mwanzoni mwa Novemba 1884, akavuka hadi Saadani, na katika majuma machache alikusanya karatasi za mikataba Usagara, Ungulu, Uzigua na Ukami. Mwezi Februari 1885 Kaizari akatoa hati ya ulinzi. Barghash akalalamika, na tarehe 7 Agosti kikosi cha Komodori Paschen, chenye Stosch, Gneisenau, Prinz Adalbert na Elisabeth, kikaelekeza mizinga kwenye kasri mpaka Sultani akaondoa malalamiko yake. Katika mchezo wako, hatua ya kuamua si ile ya Agosti. Ni ya Novemba, pale Saadani, ambapo karani wa forodha na akida mwenye askari ishirini wanamwuliza mgeni anakwenda wapi na kwa kibali cha nani, na meli ya doria inafikisha habari hiyo Unguja siku ileile. Waya wa simu ya baharini ulifika Unguja mwaka 1879, hivyo siku ya pili London na Berlin zingekuwa na barua ya Sultani mezani kabla Peters hajafika mlimani. Na huko bara uwe na vituo. Luteni Lloyd Mathews, aliyeanza kumjengea Barghash jeshi la nchi kavu mwaka 1877, aliacha askari 60 Mamboya mwaka 1880, wakakaa peke yao bila ngazi ya kuwaunganisha na pwani. Meli yako ya mizigo ingeweza kuteremsha Saadani na Bagamoyo mishahara yao na askari wa kuwapokea kila miezi mitatu.

Paschen akija hata hivyo, na nadhani atakuja, ondoa manowari zako bandarini uzipeleke Mombasa na Lamu, uache mbele ya kasri bendera na balozi za mataifa tu. Usimpe shabaha. Yeye hawezi kuizamisha meli isiyokuwapo, na hawezi kusema kwamba dola imekoma hali vyombo vyake vinaendelea kukusanya ushuru Kilwa na Lindi.

Halafu inakuja zamu ambayo wachezaji wengi huiruka, nayo ni tume ya mipaka ya Uingereza, Ujerumani na Ufaransa iliyopita pwani mwaka 1886 ikiuliza kila mahali: mamlaka ya Sultani yanafika wapi, na ushahidi uko wapi? Kwa kweli ilivyokuwa, matokeo yake yalikuwa visiwa, ukanda wa maili 10 kutoka Ghuba ya Tungi hadi Kipini, na miji michache ya kaskazini yenye duara ndogo kuizunguka. Mwombe mwamuzi wako akuambie tume itauliza maswali gani, kisha uanze kuandaa majibu tangu 1871: daftari la kila safari lenye tarehe, bandari iliyotembelewa, jina la liwali aliyepokea mshahara, idadi ya askari walioteremshwa, ushuru uliopelekwa forodhani, na muhuri wa mahali. Miaka kumi na tano ya daftari hizo, zikiwa zimeandikwa na manahodha wa meli tatu za kawaida, ndizo utakazoziweka mbele ya watu watatu wa Ulaya wanaotafuta sababu ya kusema kwamba nyuma ya Saadani hakuna mwenyewe. Sidhani zingekurudishia Usagara yote. Lakini kwa Ruvu, Pangani na njia ya Mamboya nadhani mwamuzi mwenye haki angekuachia urushe kete.